Naomba ushauri: kuandika habari za mpira wa kikapu wa chuo kwa tovuti ya mashabiki

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Lexington, Kentucky, Marekani, naripoti michezo kwenye gazeti dogo. Mshahara wa kawaida, ila bima ya afya ipo, na mwanangu ana pumu.

Sasa tovuti moja ya mashabiki wa Chuo Kikuu cha Kentucky inanitaka kwa mpira wa kikapu, mchezo ninaoupenda kwa dhati. Kinachonikwaza ni mkataba: si ajira, bima hakuna, kodi najilipia, na malipo yanafuata idadi ya wanaolipia usajili. Isitoshe, kazi kubwa ni kufuatilia vijana wa sekondari wanaosakwa na vyuo. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa jina na sura zao zikitumika, kwa mfano kwenye matangazo, basi presha ni kubwa. Kumtumia mtoto wa miaka 16 ujumbe usiku, "umeamua chuo gani?", hapo moyo unasita.

Nimeomba kiwango cha chini cha malipo kwa mwezi, wamesema tutaona.

Mliopitia kazi hii: timu ikiharibu mnaandikaje ukweli wakati anayewalipa ni shabiki? Na nikikataa kusaini mpaka kiwango hicho kiandikwe, nitakuwa nimekosea?