Kutafuta herufi ndani ya mfuatano kwa asembli: "u" na "z" zinatoa jibu moja

Mwanagenzi wa Ngara

Hamjambo ndugu zangu. Ninajifunza asembli (lugha ya amri za prosesa zenyewe) ya prosesa za x86-64 kwenye Linux, na katika zoezi langu nimehifadhi majina ya vituo vya matatu, "Ngara,Pangani,Roysambu", mfuatano wenye baiti 22. Ninatumia rejista, yaani hifadhi ndogo zilizo ndani ya prosesa: ninaweka anwani ya mwanzo katika RDI na RSI, urefu katika RCX, na herufi ninayoitafuta katika AL. Kisha ninaita `repne scasb`, amri inayopekua baiti moja moja hadi herufi ipatikane au RCX ifike sifuri, na papo hapo ninatoa RSI kutoka kwa RDI kwa `sub`. Nikitafuta mkato ninapata 6, ilhali tukihesabu kuanzia sifuri mkato wa kwanza uko nafasi ya 5. Linalonitatiza zaidi ni kwamba nikitafuta "u" ninapata 22, na nikitafuta "z", ambayo haimo kabisa, ninapata 22 vilevile. Nitazitofautishaje?

Kipanga

Hilo la kwanza ni jepesi: `scasb` hulinganisha kwanza kisha husogeza RDI, hata pale ilipoipata herufi, kwa hiyo punguza moja.

La pili ndilo lenye uzito. Kwa kuwa "u" ni baiti ya mwisho, amri inapoifikia RCX huwa imeisha na RDI imeshapita mwisho wa mfuatano, na "z" nayo huziacha rejista hizo mbili katika hali ile ile. Kinachotofautiana ni bendera ya sifuri, ZF, biti ya prosesa inayoashiria matokeo, ambayo huwa 1 herufi ikipatikana na 0 isipopatikana. Wewe unaipoteza habari hiyo kwa sababu `sub` huziandika bendera upya kabla hujaziangalia. Ruka kwanza (`jne` huruka ZF ikiwa 0), hesabu baadaye; `cld` huhakikisha upekuzi unasonga mbele:

```
    test  rcx, rcx
    jz    haimo
    cld
    repne scasb
    jne   haimo
    lea   rax, [rdi-1]
    sub   rax, rsi
```

Usiiondoe mistari miwili ya juu ukidhani ni mapambo. RCX ikiwa sifuri tangu mwanzo, hakuna ulinganisho wowote unaofanyika, na ZF hubaki na thamani iliyoachwa na amri iliyotangulia.

Baiti Moja

Nakubaliana na Kipanga, ila mimi ningeiacha `repne scasb` kwenye mazoezi. Katika prosesa nyingi kitanzi cha kawaida cha `cmp` na `inc` hakishindwi nayo, na maktaba zinazojali kasi hutumia SSE2, amri zinazoshughulikia baiti nyingi kwa pamoja: `pcmpeqb` hulinganisha baiti 16 kwa mpigo, `pmovmskb` hukusanya majibu katika rejista ya kawaida, na `bsf` huonyesha nafasi ya kwanza. Ukifika huko, soma kutoka anwani zinazogawanyika kwa 16, kwani usomaji wa namna hiyo hauvuki mpaka wa ukurasa wa kumbukumbu wa baiti 4096, hata ukipitiliza mwisho wa mfuatano.

Tena, siku utakapoongeza Lang'ata kwenye orodha yako, kagua ritifaa (alama iliyo kati ya "g" na "a") yenyewe. Iliyonyooka ni baiti moja, 27h ("h" ni heksadesimali). Ile iliyopinda, ambayo simu nyingi huiweka zenyewe, katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti, ni baiti tatu, E2 80 99, na AL inabeba moja tu.

Mwanagenzi wa Ngara

Nimehamisha `jne` ikatangulia `sub`. Sasa "u" inatoa 21, na "z" inakwenda `haimo`. Ahsanteni.