Maombi yakimshinda mgonjwa anayepona

Mtafuta_Neno: Bwana asifiwe, wapendwa. Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga afanyeje maombi yakimshinda? Akili haitulii, na kila siku isiyo na nafuu anaona Mungu amemwacha.

Mzee_wa_Kanisa: Ndugu, apunguze kipimo cha maombi. Zaburi 6 ina mistari 10 tu, na mstari wa 2 unataja mifupa waziwazi. Asome dawa ya maumivu ikishashika, kabla usingizi haujamzidi. Macho yakichoka, asomewe.

Tena asidanganywe kwamba uponyaji lazima uje mara moja. Katika Marko 8:22–25 kipofu aliwekewa mikono mara mbili, na katikati aliona watu kama miti inayotembea. Yesu hakumkemea kwa kuona nusu nusu. Wahubiri wengi huuruka mstari huo, sijui kwa nini.

Fizio_Mkristo: Amina, mzee. Maombolezo 3:22–23 yanaingia vizuri kwenye mazoezi aliyopangiwa. Akiinua mguu, atoe pumzi taratibu akitamka "rehema zake hazikomi". Akiushusha, avute pumzi na kuwaza moyoni "ni mpya kila siku asubuhi". Kosa la kawaida ni kubana pumzi wakati wa kuinua, na hilo hupandisha presha. Akishindwa kutamka, zoezi limemzidi, apunguze.

Mtafuta_Neno: Asanteni. Na wanaomwambia dawa ni kukosa imani?

Mzee_wa_Kanisa: Wasome 2 Wafalme 20:5–7. Mungu alikwisha kuahidi kumponya mfalme Hezekia, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu.