Naomba ushauri: vidole gumba vikae wapi kwenye bastola?

Ndugu zangu, mimi ni askari polisi hapa Lubumbashi, na ndiyo kwanza nimeanza mazoezi ya shabaha kwa bastola. Juzi nilipitisha gumba la kushoto nyuma ya mkono wa kulia, na sehemu ya juu ya bastola iliporudi nyuma ikanichana kwenye kifundo cha gumba hilo, damu ikachuruzika hadi kwenye saa (kosa langu mwenyewe). Sasa vidole gumba vyote viwili navilaza upande wa kushoto, vikielekea mbele, lakini gumba la kulia hukandamiza kikomeo kinachopaswa kuishikilia sehemu hiyo nyuma risasi zinapokwisha, hivyo sehemu hiyo hurudi mbele na kufunga ingawa bastola ni tupu, nami nikadhani bado ina risasi. Wenye vidole virefu kama vyangu, gumba hilo mnaliweka wapi bila kulegeza mshiko?