Muguka na presha: moyo kudunda usiku ni handas tu?

MtaaWaPili: Wakuu, mtu wa miaka 45 anameza amlodipini (dawa ya presha) ya miligramu 5 na anatafuna muguka (majani mabichi ya miraa) kuanzia alasiri, sigara juu. Kliniki asubuhi presha inasoma 130/85, lakini usiku moyo unamdunda na kifua kinabana. Ni handas (msisimko wa kutafuna) tu? Akihamia miraa ya vijiti itapungua?

Kipimo: Mkuu, kipimo cha asubuhi kinawadanganya. Kathinoni, kichangamshi kilichomo kwenye majani mabichi, huzifanya neva zimwage kemikali ya noradrenalini, mishipa ikabana na mapigo yakapanda. Presha hukaa juu kwa saa kadhaa, ikifika asubuhi imeshatulia na daktari haoni kitu. Apime akiwa amekwishatafuna saa mbili au tatu: akae ameegemea dakika 5, mkono usawa wa moyo, asivute sigara nusu saa kabla, apime mara mbili. Aandike namba pamoja na saa aliyoanza kutafuna. Karatasi hiyo ndiyo aende nayo kliniki.

Mama Dozi: Hapo kwenye kifua kubana msipite haraka. Mshipa wa moyo unaweza kujikaza hata usipokuwa umeziba, na sigara inauchochea. Maumivu yakizidi dakika 5, au yakipanda taya au mkono huku jasho jembamba likimtoka: ateme, akae, atafune aspirini miligramu 300 (za 75 ni vidonge 4) kama haimdhuru na hana kidonda cha tumbo kinachovuja damu. Hapo hapo hospitali yenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo). ECG ya kwanza ikiwa safi, bado asiondoke. Hurudiwa, na damu hupimwa troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia.

Na aseme ametafuna nini. Wengi huficha, hasa Tanzania ambako mirungi (ndiyo miraa) ni kosa kisheria, halafu anapewa propranololi kutuliza mapigo. Dawa hiyo hutuliza mapigo, lakini inaweza kuiacha kazi ya noradrenalini ya kubana mishipa ikitamba peke yake.

Kipimo: Kuhusu vijiti: kathinoni ni ile ile. Muguka ni majani matupu, unaingia kwa viganja, shavu linajaa upesi. Vijiti unamenya gome kidogo kidogo. Anayetafuna vijiti usiku kucha hajaokoa kitu.

MtaaWaPili: Na akiongeza kidonge cha presha moyo ukianza kudunda?

Mama Dozi: Hapana. Amlodipini hufika kileleni baada ya saa 6 hadi 12, muguka umeshaisha kazi. Aache pia dawa za mafua zenye pseudoefedrini na vinywaji vya kuongeza nguvu siku anazotafuna, vyote vinasukuma presha upande ule ule.