Babu alicheza ndondi ujanani, lakini mashine ya Wii haizihesabu ngumi zake. Je, rimoti ni mbovu?

Mama wa Njiro, Arusha

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba msaada katika jambo ambalo limeivuruga sebule yetu kwa majuma mawili sasa. Shemeji yangu alipokuja likizo kutoka Marekani aliwaletea watoto mashine ya gemu aina ya Wii iliyokwisha kutumika, pamoja na diski ya Wii Sports, rimoti mbili na Nunchuk mbili, yaani vishikio vya mkono wa pili vinavyounganishwa na rimoti kwa waya. Diski hiyo ina michezo mitano, yaani tenisi, besiboli, bolingi, gofu na ndondi, lakini wanangu walipoionja ndondi hawakutaka tena kusikia habari ya ile minne.

Baba yangu mzazi, ambaye ana umri wa miaka 66 na anaishi nasi, alicheza ndondi za ridhaa kwa miaka kadhaa alipokuwa kijana. Siku alipomwona mjukuu wake wa miaka tisa akirusha mikono mbele ya runinga, alivua sweta, akaomba rimoti na kusimama kama alivyokuwa akisimama ulingoni. Tangu siku hiyo amepoteza mapambano yote waliyocheza, na mara nyingi huangushwa kabla ya raundi ya tatu. Mtoto amempa mchezaji wake jina la bondia Mwakinyo, kwa hiyo kila jioni nyumba nzima inasikia kwamba Mwakinyo amemlaza Babu.

Mimi hukaa pembeni nikiwatazama, na ninachokiona hakinipi raha. Ngumi za Baba zinatoka begani zikiwa zimenyooka, zina kasi, na zinarudi kidevuni mara moja, lakini bondia wake kwenye kioo anasimama tu, au anatoa ngumi moja wakati Baba ametoa tatu. Mtoto naye anasukuma mikono bila mpangilio wowote ninaouelewa, na karibu kila anachokirusha kinaonekana. Jana Baba aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mashine hiyo haimwoni, akairudisha rimoti mezani na kwenda kulala mapema. Sitaki aache, kwa sababu ni muda mrefu sijamwona akichangamka kama alivyochangamka ile siku ya kwanza.

Tumebadilishana rimoti na hali imebaki ile ile. Muuzaji mmoja wa vifaa vilivyotumika amenishauri ninunue kifaa kinachoitwa MotionPlus ambacho huchomekwa chini ya rimoti, akidai kwamba ndicho dawa. Je, ni kweli? Na kama si rimoti, tatizo ni nini?

Mkazi wa Sakina

Pole dada. Kwetu tuliwahi kuwa na mashine kama hiyo, na rimoti ilikuwa ikipotea kwenye kioo mpaka tulipokihamisha kile kifimbo cheusi kinachowekwa juu ya runinga. Jaribu kukipandisha au kukishusha, na umwambie Mzee asimame kiasi cha mita mbili kutoka kwenye kioo. Nadhani kifimbo hakimfikii kwa sababu ya urefu wake.

Fundi wa Kaloleni, Arusha

Ndugu wa Sakina, ushauri wako ni mzuri kwa mtu ambaye mkono wake wa kuchagulia unapotea kwenye menyu, lakini hautamsaidia Mzee kupiga ngumi. Kifimbo kile hakioni chochote. Ndani yake mna taa ndogo za infraredi tu, zile ambazo macho yetu hayazioni, na kamera iliyo kwenye ncha ya rimoti ndiyo inayozitazama taa hizo ili ijue rimoti imeelekezwa wapi. Katika ndondi hakuna anayeielekeza rimoti kwenye kioo, kwa hiyo hata kifimbo kikizimwa pambano linaendelea.

Kinachohesabu ngumi ni kipima mchapuko, yaani kifaa kidogo kinachotambua jinsi mwendo unavyoongezeka au kupungua ghafla katika pande tatu. Kimoja kimo ndani ya rimoti na kingine ndani ya Nunchuk, na ndiyo sababu kila bondia anahitaji vyote viwili. Rimoti ikitulia mkononi, kifaa hicho kinahisi mvuto wa dunia peke yake, na kwa kuutumia mvuto huo mashine inajua kama mkono umeinuliwa, umelala au umeegemea upande. Mkono ukirushwa, mvuto wa dunia na nguvu ya mwendo vinachanganyika, na kwa muda huo mfupi mashine haiwezi tena kuvitenganisha. Inabaki kukisia kwa kulinganisha umbo la mwendo ilioupokea na maumbo ambayo waundaji wa mchezo waliyaweka kuwa ndiyo ngumi.

Sasa mfikirie Mzee. Kipima mchapuko cha rimoti ya kwanza ya Wii kilitengenezwa kupima hadi mara tatu hivi ya mvuto wa dunia, na ngumi ya mtu aliyefundishwa huvuka kiwango hicho bila shida. Ikivuka, kifaa kinafika mwisho wake kama mizani ya dukani iliyobebeshwa gunia zima, na hakiwezi kutofautisha ngumi kali na ngumi kali zaidi. Kisha Mzee anaurudisha mkono kidevuni kwa kasi ile ile aliyoupeleka, na mashine inapokea msukumo wa kwenda na msukumo wa kurudi vikiwa vimebanana. Nguvu haipimwi hata kidogo. Mtoto wa miaka tisa na bondia wa uzito wa juu wana haki sawa mbele ya kifaa hicho.

Lipo jambo la pili, na kwa uzoefu wangu hili ndilo kubwa. Glovu ya kwenye kioo ina mwendo wake, ambao lazima uishe. Ikikwisha kutoka, inahitaji kufika na kurudi ndipo mchezo ukubali amri nyingine ya mkono huo, na ngumi zote zinazorushwa kabla haijarudi zinapotea. Mzee anapiga moja, mbili, tatu kama alivyofundishwa. Mashine inaipokea ya kwanza na kuziacha mbili. Kwa hiyo rimoti zenu ni nzima. Mwambie apige ngumi moja fupi, aitazame glovu ya kwenye kioo mpaka irudi, ndipo arushe nyingine.

Mwenye kibanda cha gemu, Moshi

Naunga mkono maelezo ya Fundi, na nijibu lile la MotionPlus kabla dada hajatoa fedha. Usinunue kwa ajili ya ndondi. Wii Sports ilitoka mwaka 2006, na MotionPlus ilikuja mwaka 2009 ikiwa na jairoskopu, kifaa kinachopima mzunguko ambao kipima mchapuko hakiwezi kuubaini vizuri. Mchezo uliotoka kabla yake hauna habari nacho, kwa hiyo mtakuwa mmeongeza uzito kwenye rimoti bila faida yoyote. Wii Sports Resort ya mwaka 2009 inakitumia, na inakitumia vizuri sana kwenye upanga na upinde, lakini ndondi waliiondoa. Muuzaji aliyekushauri huenda hakulijua hilo.

Kuna njia nyingine za kucheza ndondi kwa mwili, na baadhi nimeziweka kibandani kwangu. Kinect ya Xbox 360, iliyotoka mwaka 2010, haitumii rimoti kabisa bali kamera inayopima umbali wa viungo vya mwili, na Kinect Sports ina ndondi ndani yake. Tatizo lake ni nafasi: inataka mchezaji asimame mbali, na chumba chembamba hakifai. Kwenye Nintendo Switch kuna Fitness Boxing, ambayo vijana wengi huiacha siku ya kwanza kwa kuwa hakuna wa kumwangusha. Unapiga kwa kufuata mdundo wa muziki. Wateja wangu wanawake, hata hivyo, ndiyo wanayoiomba.

Mzee angependa zaidi ile ya miwani ya uhalisia pepe (VR) inayofunika macho, The Thrill of the Fight, kwa kuwa humo mashine inafuatilia mkono uko wapi hasa, na kukwepa ni kukwepa kwa kichwa chako mwenyewe. Lakini bei ya miwani ni kubwa, na mtu wa umri wake akifunikwa macho sebuleni anaweza kujikwaa. Nisingeanzia huko.

Kocha wa ngumi, Moshi

Mama wa Njiro, mfikishie Mzee shikamoo yangu kabla sijasema lolote.

Nimewahi kushindwa na mchezo huu mbele ya vijana ninaowafundisha, kwa hiyo ninajua maumivu yake. Mtu aliyezoea ulingo anaingia na tabia tatu ambazo mchezo hauzipokei. Ya kwanza Fundi ameieleza, ni ngumi za mfululizo. Ya pili ni kuizungusha ngumi mwishoni ili kiganja kitazame chini. Ulingoni tunaidai ngumi iwe hivyo, lakini rimoti inasoma mzunguko huo kama badiliko la mlalo wa mkono, na picha ya ngumi inaharibika. Ya tatu ni kukwepa kwa magoti na kiuno. Mashine haioni magoti. Ili bondia wa kwenye kioo aegemee kushoto au kulia, mikono yote miwili inatakiwa iegemezwe upande huo kwa pamoja, hata kama mwili umesimama wima. Mzee anakwepa kweli, ila mikono yake imebaki kwenye gadi, yaani imekinga uso, na mashine inadhani amesimama kusubiri kipigo.

Asianze tena na mjukuu. Ndani ya diski hiyo kuna sehemu ya mazoezi, na ndondi ina mazoezi matatu: kupiga magunia, kukwepa mipira, na kulenga viganja vya mkufunzi. Aanze na viganja. Hapo hakuna wa kumpiga, na kila ngumi inayopotea ataiona ilivyopotea. Nilipokaa nayo jioni mbili nilijifunza kwamba ngumi inayopokelewa vizuri inafanana na kugonga mlango wa jirani: mkono unaanzia mbele kidogo ya kifua, unakwenda umbali wa shubiri moja na nusu, kisha unatulia. Kadiri unavyotulia kabla ya ngumi, ndivyo mashine inavyoelewa ulikuwa wapi.

Sasa nizungumze kama kocha. Ngumi inayopiga hewa ni hatari zaidi kwa kiwiko kuliko ngumi inayopiga gunia, kwa sababu hakuna kinachousimamisha mkono isipokuwa kiungo chenyewe. Mzee asiunyooshe mkono mpaka mwisho. Waya wa Nunchuk nao una urefu wa mita moja tu, na akirusha mkono kwa upana utaivuta rimoti ya upande wa pili. Mkanda wa kifundoni avae kila mara. Mwezi Desemba mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ilijitolea kubadilisha mikanda zaidi ya milioni tatu kwa sababu ile ya awali ilikuwa ikikatika na rimoti kuruka. Apashe mwili kwa dakika kumi, hasa miezi ya baridi huko Arusha, na kama ana shinikizo la damu amwone daktari wake kwanza. Mchezo huu unachosha kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanywa kwa vijana 11 waliocheza Wii Sports, ndondi ikiwemo, na ilionekana kwamba walitumia nguvu nyingi kuliko wakicheza gemu za kukaa, ingawa chini ya zile wanazotumia kwenye michezo yenyewe.

Fundi wa Kaloleni, Arusha

Nimeona sasa kwamba mashine imetoka Marekani. Adapta yake ni ya volti 120 na umeme wetu ni 230. Mnaichomekaje?

Mama wa Njiro, Arusha

Kaka Fundi, shemeji aliacha transfoma ya kushusha umeme, na ndiyo tunayotumia. Inapata joto sana, lakini nilidhani ni kawaida kwa sababu tumechomeka humo na blenda aliyotuletea.

Fundi wa Kaloleni, Arusha

Itoe blenda leo hii. Wii yenyewe inakula chini ya wati 50, na transfoma ndogo inaimudu bila kuchemka. Njia iliyo bora zaidi ni kutafuta adapta ya Wii ya Ulaya, ambayo inapokea volti 230 na kutoa volti 12 na ampea 3.7 sawasawa na hiyo mliyonayo, hivyo transfoma haitahitajika tena. Diski ni habari nyingine: mashine ya Marekani husoma diski za Marekani, kwa hiyo usinunue za Ulaya. Na umeme ukikatika, chomoa. Subiri utulie ndipo uwashe.

Mama wa Njiro, Arusha

Narudi kutoa taarifa, na ninawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Niliyasoma maelezo yenu kwa sauti, Baba akiwa amekaa na kikombe chake cha chai. Nilipofika pale pa mizani na gunia alicheka, kisha akasema kwamba sasa ameelewa. Usiku ule, watoto wakiwa wamelala, alifanya zoezi la viganja peke yake kwa takriban nusu saa. Nilikuwa jikoni nikimsikia akihesabu kwa sauti: moja, ngoja, mbili, ngoja.

Lile la kuegemeza mikono yote miwili ndilo lililomchukua muda, kwa sababu mwili wake ulikuwa ukitangulia kila mara. Siku ya nne alimkaribisha mjukuu. Raundi ya kwanza alikwepa tu bila kurusha chochote, mpaka mtoto akaanza kulalamika kwamba Babu amekataa kucheza. Raundi ya pili, kila Mwakinyo aliporusha akakosa, Baba alipiga moja, akangoja, akapiga moja. Mwakinyo alilala na kuhesabiwa hadi kumi. Mtoto alikaa kimya kidogo, kisha akataka afundishwe namna ya kungoja.

Kocha, Baba amepokea shikamoo yako, marahaba. Anauliza kama Jumamosi mnafungua, kwa kuwa anataka kulipiga gunia lenyewe, na amekwisha kuniomba nauli ya kuja Moshi.

Kocha wa ngumi, Moshi

Tunafungua saa moja asubuhi. Glovu za wakia 16 zipo, na gunia lipo. Aje na raba, na kama bandeji zake za zamani bado anazo, aje nazo.