Bodi inawaka ikijisikia! Wiki tatu nalaumu programu yangu bure

Wakuu, leo nimechoka na nina hasira.

Nina bodi ya ESP32, yaani kibodi kidogo chenye chipu ya kupangia programu na Wi-Fi, yenye tundu la USB-C. Naichomeka, inawaka. Naichomoa na kuichomeka tena, kimya. Mara taa nyekundu ipo ila programu haianzi. Mara inaanza vizuri, ikifika kwenye Wi-Fi inazima na kuanza upya, inazima na kuanza upya, kama mtoto mwenye kwikwi. Kila niliyemuuliza jibu lake moja: kagua programu yako. Nimeikagua! Nimeiandika upya mara mbili. Mwisho nikabakiza mistari ya kuwasha Wi-Fi tu, kwikwi ileile.

Jana nikashika multimita. Pini ya volti 5 inasoma 4.7 bodi ikiwa imetulia. Wi-Fi ikianza inadondoka chini ya 4.4, na multimita hii ni ya polepole, kwa hiyo chini kabisa hata siioni. Regyuleta ya bodi, kile kipande kinachoshusha volti 5 ziwe 3.3 za chipu, ni AMS1117, inayohitaji zaidi ya volti 1 juu ya zile 3.3 inazotoa. Ndiyo maana inaishiwa pumzi, na chipu ikiona umeme umeshuka inajiwasha upya.

Mwizi ni waya. Mita 2, umeandikwa wa kuchajia, ndani nyuzi kama unywele. Waya wa geji 28 (kipimo cha unene) una takriban omu 0.2 kwa mita, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hapo una zaidi ya omu 0.8. Vuta miliampia 400, volti 0.3 na ushee zimeliwa njiani, bado hujatoa kinacholiwa na dayodi ya kwenye bodi. Nimeweka waya mfupi mnene, kwikwi imekwisha. Kwa nini unene hauandikwi kwenye ganda?

Ila kimya kile hakikuisha, na hapa ndipo nilipopandwa. Waya wa USB-A (ile ya zamani, bapa) kwenda C, inawaka. C kwa C, imekufa. Chaja ya C haitoi umeme mpaka ihisi rezista ya kiloomu 5.1 kwenye pini za CC, zile za tundu la C zinazoiambia chaja kuna kifaa, na huyu mtengenezaji hakuziweka. Rezista mbili! Hata Raspberry Pi 4 ya 2019, ile kompyuta ndogo iliyosemwa sana kwa kosa la rezista hizi, ilikuwa nayo moja, pini zote mbili zikiigawana. Huyu wetu kaweka sifuri, halafu kachora nembo ya kupendeza mgongoni.

Ile ya taa kuwaka bila programu kuanza nimeitibu kwa kapasita ya maikrofaradi 1 kati ya EN, pini inayoiruhusu chipu kuamka, na ardhi. Chipu ilikuwa inaamka kabla umeme haujatulia.

Sasa wewe uliyeniambia nirudi somo la kwanza la programu, upo? Na mwenye bodi ya C iliyokamilika rezista zake aseme, hii naitupa.