Je, Moonlight Chicken inafaa kutazamwa pamoja na mjomba aliyenilea?

Mpwa wa Kariobangi aliuliza:

Habari zenu nyote. Ninaandika kutoka Kariobangi Kusini, na ninaomba ushauri wa wale walioitazama tamthilia ya Kithai iitwayo Moonlight Chicken hadi mwisho. Ilitolewa mwaka 2023 na kampuni ya GMMTV, ikaongozwa na Noppharnach Chaiwimol, na ina vipindi 8 tu. Nimeitazama mara tatu. Mara ya kwanza niliifuata kwa ajili ya mapenzi ya Jim na Wen. Mara mbili zilizofuata nilirudi kwa sababu ya mkahawa wenyewe, ule unaouza wali na kuku usiku mjini Pattaya, ambamo Jim anamlea Li Ming, mtoto wa dada yake, huku akimgombeza, akimlisha na kumsubiri arudi nyumbani.

Hapo ndipo iliponishika, kwa maana mimi pia nililelewa na mjomba. Nilikuwa na miaka 8 mama alipokwenda kutafuta kazi Ghuba, nikaachwa kwa kaka yake, ambaye hadi leo ana kibanda cha chakula karibu na soko na hakuwahi kuoa. Kazi za shule nilizifanyia juu ya gunia la mchele. Kila jioni aliniwekea firigisi katika bakuli la bati, akalifunika kwa sahani na kulisukuma nyuma ya debe la mafuta, kwa sababu alijua mteja akiiona ataiagiza. Hakuwahi kulitaja bakuli hilo, nami sikuwahi kumshukuru kwa ajili yake. Nilijua tu kwamba lipo. Li Ming anapobishana na Jim kuhusu kwenda Marekani, mimi huyasikia maneno yetu wenyewe ya mwaka ule niliomaliza shule ya upili nikataka kuondoka.

Ningependa kuitazama pamoja naye, lakini nina maswali mawili. Kwanza, mjomba ana miaka 61, ni mtu wa kanisa, na wapenzi wakuu wa hadithi hii ni wanaume wawili. Sitaki kumvizia kwa jambo ambalo litamfanya ahisi kwamba nimemkosea heshima ndani ya nyumba yake. Pili, maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya picha ni ya Kiingereza, naye huyasoma polepole, kwa hiyo itanilazimu nimtafsirie kwa Kiswahili papo hapo. Nimejaribu peke yangu nikakwama katika majina wanayoitana, hasa neno *phi*, ambalo linasikika kila mahali. Mngelitafsiri vipi?

Jirani wa Ngara alijibu:

Nitajibu la kwanza. Mwambie kabla hujawasha televisheni, kwa sentensi moja iliyonyooka, kisha mwachie nafasi ya kukubali au kukataa. Mzee akiambiwa mapema amepewa heshima yake. Akigundua katikati ataona umemtega. Ujue pia kwamba kipindi cha kwanza kina usiku wa kwanza wa Jim na Wen pamoja. Kwa bahati nzuri GMMTV hukata kila kipindi katika sehemu nne inapokiweka YouTube, hivyo unaweza kupitia sehemu zote usiku uliotangulia na kuamua uanzie wapi.

Huenda akauliza kama mambo haya yanaruhusiwa huko kwao. Tamthilia ilipotoka, watu wawili kama Jim na Wen hawakuweza kufunga ndoa kisheria nchini Thailand. Sheria iliyowaruhusu ilianza kutumika tarehe 23 Januari 2025, na Thailand ikawa nchi ya kwanza ya Kusini Mashariki mwa Asia kufanya hivyo.

Mkalimani wa Usiku alijibu:

Mimi hufanya kazi ya ukalimani, ingawa si wa Kithai, na nimejifunza lugha hiyo kwa miaka kadhaa kwa sababu ya tamthilia hizi hizi. Swali lako la pili ni zito kuliko linavyoonekana, na nitalijibu kwa kirefu kwa kuwa nadhani sehemu kubwa ya faraja unayoisikia imekaa ndani ya maneno hayo.

*Phi* ni yeyote aliyekuzidi umri kidogo, awe wa kiume au wa kike, awe ndugu wa tumbo moja au muuza matunda uliyekutana naye asubuhi ya leo. Aliye mdogo kwako ni *nong*. Kiingereza hakina pa kuyaweka maneno haya, ndiyo maana mara nyingi yanatupwa na kubaki jina tupu, na mtazamaji haambiwi kwamba katika mkahawa ule watu wasio na damu moja wanaitana kama watoto wa nyumba moja tangu wanapofungua kinywa. Sisi hatuna tabu hiyo. Nairobi nzima tunaitana kaka, dada, mama, mzee, na hakuna anayedai kuonyeshwa cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo wafanyakazi wanapomwita Jim *phi*, sema "kaka Jim", na mjomba wako atajua mara moja ni heshima ya namna gani.

Ugumu uko kwa wapenzi. Mthai anaweza kumwita mpenzi wake *phi* bila tatizo lolote, kwa kuwa neno linataja umri na halifungi mlango wa mapenzi. Kiswahili kinaufunga: ukimwita mtu kaka, umeshamwambia kwamba hamwezi kuwa wachumba. Kwa hiyo ukikutana na neno hilo baina ya wapenzi, tumia jina peke yake, na uache sauti ya mwigizaji ifanye kazi iliyobaki.

Kuna jingine litakalomfurahisha mjomba. Kithai kinawapanga ndugu za wazazi kwa umri zaidi kuliko sisi. Kaka mkubwa wa mama au wa baba ni *lung*, na dada mkubwa wa mmoja wao ni *pa*, bila kujali upande. Wadogo wa mama wote, wa kiume kwa wa kike, ni *na*, na wadogo wa baba wote ni *a*. Sisi tunauliza kwanza upande: huyu ni wa mama au wa baba? Ndipo tunapata mjomba, shangazi, mama mdogo, baba mkubwa. Tafsiri ya Kiingereza inakupa neno moja kwa wajomba na ba-wadogo wote, lakini mama yake Li Ming ni dada ya Jim, kwa hiyo wewe huna haja ya kubahatisha. Jim ni mjomba. Sema "mjomba" kila mara na usilibadilishe, hata pale ambapo wanagombana.

Usihangaike na *khrap* wanaloliweka wanaume mwishoni mwa sentensi, wala *kha* la wanawake. Hayo ni ya adabu tu, na sikio litayazoea kabla ya kipindi cha kwanza kuisha. Lakini wakiulizana kama wamekula, tafsiri kila mara, usiruke. Kwa Wathai "umekula wali?" ni namna ya kumjulia mtu hali, na neno lao la kula chakula ni "kula wali". Mwenye kibanda atalielewa kuliko sisi wote.

Dada ya Kiziwi alijibu:

Ninaongeza jambo ambalo hukuliuliza, kwa kuwa utalitafsiri pia na ningependa ulitafsiri vizuri. Ni habari za Heart, kijana anayekuwa karibu na Li Ming. Alizaliwa akisikia, akaja kupoteza uwezo huo akiwa kijana, na wazazi wake wanamweka nyumbani bila wao wenyewe kujifunza lugha ya ishara. Anayejifunza ni Li Ming.

Mdogo wangu alipata homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka 9. Alipotoka hospitalini hakusikia tena. Tulikuwa watu saba mezani, midomo yote ikienda, naye akila macho yakiwa kwenye sahani. Tukicheka, aliinua kichwa na kuuliza kwa mkono, kuna nini? Nasi tulimjibu kwa ishara moja tuliyokuwa tumeibuni sote bila kukubaliana: kiganja kinachosukuma hewa mbele, yaani nitakwambia baadaye. Hatukumwambia baadaye. Nilianza kujifunza Lugha ya Ishara ya Kenya nikiwa na miaka 20, miaka mingi baada ya ugonjwa wake, na jioni ya kwanza nilipomsimulia mzaha mzima, mwanzo hadi mwisho, aliushika mkono wangu ili nisiendelee na mwingine kabla hajamaliza kuucheka ule.

Kwa hiyo, ndugu yangu, zile sehemu ambazo Heart na Li Ming wanazungumza kwa mikono, usizijaze maneno yako kwa sababu ya kuogopa ukimya. Soma maandishi, mwambie mjomba kwa ufupi, kisha nyamaza mtazame. Usimwite Heart bubu. Sema kiziwi, ndilo neno ambalo viziwi wenyewe wanalitumia. Na mjomba akiuliza kama ishara hizo ni sawa na zetu, mwambie kwamba sivyo, kila nchi ina zake, na kwamba za kwetu zimetajwa katika Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 120, kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge.

Mpishi wa Pangani alijibu:

Kwa ajili ya mzee tu. Chakula hicho kinaitwa *khao man kai*, nacho kilifika Thailand na wahamiaji kutoka Hainan, China. Kuku huchemshwa mzima kwa moto mdogo, hatokoswi kwa nguvu. Mchele hukaangwa kidogo katika mafuta yake pamoja na vitunguu saumu na tangawizi, kisha hupikwa kwa supu ile ile. Anakatwa vipande, analazwa juu ya wali, pembeni matango, supu nyeupe, na mchuzi mkali wa soya iliyochachushwa na pilipili. Nimewahi kuupika nyumbani kwa kuku wa kienyeji aliyekomaa, nikajuta. Tafuta kuku mchanga.

Mpwa wa Kariobangi alirudi:

Nawashukuru sana. Tulitazama vipindi viwili jana, Jumapili, baada ya ibada. Nilimwambia kabla, kama alivyoshauri Jirani wa Ngara. Alikaa kimya kwa muda, akafuta miwani yake kwa pindo la shati, akasema kwamba mengine atayafikiria mwenyewe, niwashe.

Kwa dakika kadhaa za mwanzo alikuwa anatazama jikoni pekee. Aliuliza kodi ya mahali kama pale ni kiasi gani, na nani anayeosha sufuria usiku wa manane. Nilitafsiri "mjomba" bila kubadilisha, na mara ya tatu au ya nne aligeuka akanitazama, kisha akarudi kwenye televisheni. Tulipofika mahali ambapo Wen anaonekana bado anaishi nyumba moja na yule waliyekwisha kuachana naye, mjomba aliniomba nisimamishe. Nilidhani ndio mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo huyu kijana hana pa kwenda?" Nikamwambia kwamba kwa sasa hana. Akasema, "Basi ndiyo maana anakwenda kulala pale kwenye chakula," akaniashiria niendelee.

Leo asubuhi amepita Soko la Jiji akanunua kuku mchanga wawili. Mpishi wa Pangani, anauliza kama soya hiyo iliyochachushwa inapatikana hapa Nairobi, au aweke kitu gani badala yake. Kipindi cha tatu tutakitazama Jumatano, kibanda kikishafungwa.